UZI: Una diski ya kompyuta ya zamani, na kompyuta ya sasa ina USB tu? Tuelewane kuhusu adapta kabla hujachomeka

Jiwe la Bwiru (mleta uzi)

Wakuu, mwangaluka.

Swali la diski za zamani linaulizwa kila mara, na jibu linalotolewa ni lile lile: "nunua adapta ya kuunganisha diski na USB, chomeka, kazi kwisha." Baadhi ya waliojibiwa hivyo huishia mezani kwangu wakiwa wamechelewa. Shughuli zangu ziko mjini Mwanza, upande wa Makoroboi. Wanaoniletea diski ni watu wa studio za harusi, shule zenye kumbukumbu za wanafunzi, wahasibu wa vyama vya ushirika, na waliorithi kompyuta ya mzee wakitaka picha zake tu. Juzi juzi nilitoa video za ngoma za Bulabo, ile sherehe ya Wasukuma, pale Bujora kwenye diski iliyokaa stoo miaka na miaka. Ilikuwa nzima kabisa. Diski nyingi za zamani ni nzima, zinauliwa siku ya kujaribiwa.

Msimamo wangu nauweka mapema ili tusigombane mbele ya safari: adapta ni mlango wa kutolea data. Ukiitumia kuirudisha diski ya 2004 kazini, shauri yako.

Kwanza ijue uliyonayo. Tazama upande wenye midomo ya waya. Ukikuta safu mbili za pini nyembamba, nafasi 40 kwa jumla, na pembeni pini nne nene za umeme, hiyo ni IDE, mtindo wa zamani wa kuunganisha diski, ya desktopu, inchi 3.5. Pini ya namba 20 haipo, imeachwa makusudi ili waya usiingie kichwa chini miguu juu, kwa hiyo usije ukadhani imekatika. Ndogo ya laptopu, inchi 2.5, ina pini 44 zilizobanana zaidi, na haina mdomo wa umeme pembeni kwa sababu umeme unapita humo humo. Ukikuta ndimi mbili bapa zenye umbo la L, fupi ya pini 7 na ndefu ya pini 15, hiyo ni SATA, mtindo uliofuata baada ya IDE, na kazi yako imepungua nusu.

SATA iliingia sokoni mwaka 2003. Intel waliiondoa IDE kwenye chipu zao za mazabodi (bodi kuu za kompyuta) za desktopu kuanzia ICH8 ya mwaka 2006. Watengenezaji wengine waliendelea kubandika chipu ya pembeni kwa muda, kisha nao wakaacha. Ndiyo maana ukiifungua desktopu ya leo huoni pa kuuchomeka ule waya mpana wa kijivu wa IDE.

Sasa umeme, maana hapa ndipo watu wanapoharibia.

Diski ya inchi 3.5 inataka volti 12 za kuzungusha mota na volti 5 za bodi yake. Tundu la kawaida la USB linatoa volti 5 peke yake, na kwa kipimo: miliampea 500 kwa USB 2, miliampea 900 kwa USB 3. Kwa hiyo ukiuziwa kiwaya kitupu kisicho na chaja ukaambiwa kinasoma diski ya desktopu, muulize muuzaji volti 12 zinatoka wapi. Lazima adapta ije na chaja yake ya ukutani.

Ya inchi 2.5 inaridhika na volti 5, lakini wakati wa kuanza kuzunguka inavuta mkondo mkubwa kuliko inapokuwa imetulia. Tundu likiwa dhaifu inaanza, inakata, inaanza, inakata, na wewe unasikia tik, tik. Watu wanaitupa hapo wakisema imekufa. Badilisha tundu, tumia la nyuma ya desktopu, au tafuta ule waya wenye vichwa viwili vya USB upande mmoja, kimoja ni cha kuongeza umeme.

Halafu kuna mdomo wa Molex, ule wa pini nne nene. Waya wa njano ni volti 12, mwekundu ni volti 5, meusi mawili ni ardhi. Pembe mbili za mdomo zimekatwa ili uingie kwa namna moja tu. Tatizo ni kwamba adapta za bei rahisi plastiki yake ni laini, ukilazimisha unaingia hata kinyume. Ukiingia kinyume, volti 12 zinapita kwenye njia ya volti 5, na moshi wake hauhitaji miwani kuuona. Mdomo ukigoma, acha, ugeuze, tazama pembe.

Kuna jampa pia, kile kiplastiki kidogo kilichovishwa kwenye pini nyuma ya IDE. Waya mmoja wa IDE hubeba hadi diski mbili, na jampa ndiyo inayosema ipi ni kuu (Master); adapta nyingi za USB zinataka diski iwe kwenye Master. Western Digital wana tabia yao: wametenganisha "Master" mwenye mwenzake na "Single" aliye peke yake, na yao ikiwa peke yake mara nyingi jampa inatolewa kabisa. Mchoro upo kwenye lebo juu ya diski, usibahatishe.

Diski ikishaonekana, Windows inaweza kukuambia lazima uifomati kwanza. Bonyeza Ghairi. Maana yake Windows imeshindwa kuelewa mpangilio wa diski, haina maana kwamba vitu vimeondoka. Wala usikimbilie chkdsk, ile programu ya Windows ya kurekebisha diski, kwenye diski unayoishuku. Chkdsk ikitumwa kurekebisha inaandika kwenye diski ile ile mgonjwa, na kazi yake ni kunyoosha mpangilio, hata kama faili lako litapotea katika huko kunyoosha.

Karibuni kwa maswali.

Dagaa Mkavu

Mkuu nimeweka kambi hapa.

Swali langu: nina diski ya laptopu, ile ya pini 44. Nimenunua adapta pale mtaa wa Rufiji, lakini nikiichomeka pini nne zinabaki nje. Nimeuziwa siyo yenyewe?

Jiwe la Bwiru

Ni yenyewe mkuu. Tazama vizuri utaona kuna nafasi tupu ya pengo baada ya zile 44, kisha ndizo zinafuata hizo nne. Hizo ni za jampa, adapta haizigusi. Ziache nje. Hatari ni kuisogeza adapta ukizionea huruma hizo nne: pini zote zinahama, na umeme wa volti 5 unaingia pasipo pake.

Na usiichomoe kwa kuivuta upande mmoja. Itikise kidogo kidogo kulia na kushoto, pini zile zinapinda kwa kuangaliwa tu.

Mnyamagana

Uzi mtamu. Kwangu diski inaonekana vizuri, kila kitu kipo, ila folda ya mtumiaji nikiifungua naambiwa sina ruhusa. Ilikuwa Windows XP. Nimeambiwa na jamaa mmoja kwamba diski imefungwa kwa nywila na haitafunguka tena.

Jiwe la Bwiru

Huyo jamaa amekutisha bure. NTFS, ule mpangilio wa Windows wa kuhifadhi faili, inakumbuka mwenye folda ni nani, na mtumiaji wa ile XP si mtumiaji wa laptopu yako ya leo hata kama majina yanafanana. Ingia kwenye sifa za folda, sehemu ya usalama, jimilikishe folda pamoja na vilivyomo. Itachukua muda kama vitu ni vingi. Kumbuka kwamba huko nako ni kuandika kwenye diski, kwa hiyo kama ina dalili za ugonjwa nakili diski nzima kwanza, ujimilikishe kwenye nakala. Ukiisoma kwa Linux, mfumo mwingine wa kompyuta badala ya Windows, hata hilo zuio hulioni.

Kinachofunga kweli ni pale majina ya faili yanapotokea kwa rangi ya kijani. Hapo mwenye nayo alisimba faili, yaani alizifumba kwa ufunguo wa siri, kwa ile huduma ya ndani ya Windows, na ufunguo upo kwenye akaunti yake ya zamani. Bila ufunguo huo utaliona jina la faili, ndani hutasoma. Na kama Windows ya zamani bado ipo, usibadilishe nywila yake kwa programu za kuvunjia, utaupoteza ufunguo wenyewe.

Binti Nansio

Shikamooni wakubwa. Mimi niko Ukerewe. Nina diski ya desktopu, GB 80, ya SATA, ina hesabu za wanachama wetu za miaka ya nyuma. Nilipewa kasha la kuwekea diski bila chaja yake, nikachukua chaja ya king'amuzi kwa sababu tundu linafanana na imeandikwa volti 12. Diski inalia ka, ka, ka, halafu inanyamaza, halafu inaanza tena. Kuna mtu amenishauri niiweke kwenye friji usiku kucha. Nifanyeje?

Dagaa Mkavu

Friji 😂😂 dada hiyo ni diski, siyo sangara.

Jiwe la Bwiru

Marahaba. Chomoa kwanza, halafu tuongee.

Friji hapana. Diski ikitoka kwenye baridi ikakutana na hewa yetu ya ziwani, unyevu unaganda ndani na nje. Sahani zinazunguka mara 5400 au 7200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinaelea juu yake kwa nafasi ndogo kuliko vumbi. Tone la unyevu pale ni jabali.

Sasa geuza ile chaja usome lebo. Volti 12 ni sawa, lakini tafuta neno OUTPUT na usome ampea. Chaja nyingi za ving'amuzi na ruta ni ampea 1, au pungufu. Kasha la diski ya inchi 3.5 kwa kawaida linakuja na chaja ya ampea 2. Wakati mota inaanza kuzunguka ndipo inapovuta umeme mwingi. Chaja ikizidiwa, volti zinashuka, diski inajizima, chaja inapumua, diski inaanza tena. Sauti yake inafanana sana na ya kichwa kilichokufa. Tazama pia kile kimchoro cha duara chenye alama ya kujumlisha na kutoa: katikati ya tundu iwe upande ule ule ulioonyeshwa kwenye kasha. Volti ziwe zile zile 12, ampea zikizidi hazina madhara, zikipungua ndiyo taabu.

Tafuta chaja ya volti 12, ampea 2. Ijaribu mara moja. Ikizunguka kwa sauti moja na kutulia, rudi hapa. Ikiendelea kulia ka, ka, ka kwa chaja nzima, zima na usirudie. Hapo ni kichwa, na kila mzunguko unakwangua sahani. Hiyo ni kazi ya maabara yenye chumba kisicho na vumbi, mimi mwenyewe siigusi. Ikibidi kuisafirisha kwa meli, ifunge kwa sponji, ibebe mkononi. Usimkabidhi mtu wa mizigo.

Mzee wa Kigoto

Vijana mnajitesa. Kuna kale kabodi kadogo ka kugeuza IDE kuwa SATA, bei inategemea mdomo wako tu. Nabandika nyuma ya diski, nafunga ndani ya kompyuta mpya, natumia kuhifadhia kamera za dukani. Diski za zamani zilikuwa imara kuliko hizi za leo.

Jiwe la Bwiru

Mzee wangu, kabodi hako nakajua na ninacho. Kwa kutolea data ni kazuri tu, tena kanakwepa mizengwe ya USB. Angalizo: kuna ka kuchomeka diski ya IDE kwenye mazabodi ya SATA, na kuna ka kuchomeka diski ya SATA kwenye mazabodi ya IDE. Vinafanana kama mapacha. Vingine vina kiswichi cha kuchagua upande, vingine ni vya upande mmoja, na wauzaji wengi hawavitofautishi.

Kwa kamera sikubaliani nawe. Kamera zinaandika mchana na usiku bila kupumzika, na umri wa mota na vichwa hausomi lebo ya uimara. Siku mwizi akiingia ndiyo siku utakayoitafuta video.

Na kipimo cha ukubwa kipo pia, kwa anayefunga diski kwenye kompyuta ya zamani. Mazabodi nyingi za kabla ya mwaka 2002 zilihesabu anwani kwa biti 28, kwa hiyo ukomo wake ni GB 137. Ndiyo maana zamani mtu alinunua diski ya GB 160 kompyuta ikamwonyesha pungufu. Nyingine zilikuwa na ukomo wa GB 32, na diski zikaja na jampa maalumu ya kujifanya ndogo. Ukikuta diski ya GB 80 inajitambulisha kuwa GB 32, tazama jampa kabla hujamlaumu aliyekuuzia.

Mzee wa Kigoto

Hayo ya kamera nimekusikia. Nitafikiria.

Fundi Pasiansi

Mleta uzi umefafanua vizuri, niongeze mawili na nikupinge kidogo moja.

La kwanza: si kila diski ya nje ina SATA ndani. WD My Passport nyingi ukizipasua unakuta tundu la USB limechomelewa moja kwa moja kwenye bodi ya diski, hakuna pa kuchomeka adapta. Nyingine, hasa baadhi ya My Book, zina SATA ndani lakini chipu ya kasha inasimba kila kitu hata kama hukuweka nywila. Ukiitoa diski ukaisoma kwa adapta nyingine unaona takataka tupu. Ukipasua, kibodi cha kasha usikitupe.

La pili: kuna makasha yanayodanganya ukubwa wa sekta, vile vipande vidogo ambavyo diski imegawanywa, yanaiambia kompyuta kwamba sekta ni baiti 4096 wakati diski yenyewe ni ya 512. Yalitengenezwa hivyo ili XP iweze kutumia diski za zaidi ya TB 2. Diski iliyofomatiwa ndani ya kasha hilo ukiihamishia kwenye adapta ya kawaida inatokea kama tupu. Irudishe kwenye kasha lake, vitu vinarudi.

Ninapokupinga: aliyechomeka Molex kinyume asikate tamaa. Diski nyingi zina vidiodi vya ulinzi karibu na mdomo wa umeme, kimoja cha volti 5 na kimoja cha volti 12. Kazi yake ni kujitoa mhanga. Kikishajifunga, diski inakaa kimya kabisa, haizunguki hata kidogo. Pima ukinzani kwa mita. Ukikuta sifuri kati ya njia ya volti 5 na ardhi, kitoe kidiodi, diski inaweza kuamka. Usiiache hivyo, nakili haraka.

Jiwe la Bwiru

Hapo kwenye vidiodi umeniongezea, ni kweli kabisa, ila mwenye mkono wa kutetemeka asijaribu. Na asije mtu akasoma hapo akaamua kuhamisha bodi kutoka diski nyingine ya mfano ule ule. Kwenye diski nyingi kuna chipu ndogo yenye vipimo vya diski ile moja tu, lazima nayo ihamishwe, la sivyo unaongeza ugonjwa.

Mama Harusi Studio

Jamani mimi nina tatizo la umeme wa kucheza. Nakili ikifika katikati taa zinafumba na kufumbua, diski inapotea, naanza upya. Laptopu haizimi maana ina betri.

Jiwe la Bwiru

Dada, tatizo umelitaja mwenyewe: laptopu ina betri, chaja ya adapta haina. Umeme ukicheza kidogo diski inaanguka huku kompyuta iko macho. Chomeka adapta kwenye UPS, kile kifaa chenye betri cha kushikilia umeme, hata ndogo ya ofisini. Diski ya inchi 3.5 haili umeme mwingi.

La pili, acha kukopi kwa kuburuta folda. Tumia programu ya ddrescue kwenye Linux, unaweza kuiwasha kutoka kwenye flashi bila kugusa Windows yako. Inanakili diski nzima kuwa faili moja, na inaweka ramani ya ilipofika. Umeme ukikatika unairudia amri ile ile nayo inaendelea ilipoachia:

`ddrescue -d -n /dev/sdb nakala.img ramani.map`

Kwanza andika `lsblk`, amri ya kuorodhesha diski, uhakikishe sdb ndiyo diski ya zamani, kwa ukubwa wake, maana ukikosea jina utanakili siyo. Faili la nakala na ramani yakae kwenye diski nyingine yenye nafasi kubwa kuliko hiyo unayoitoa. Ikimaliza mzunguko wa kwanza, zirudie sehemu ngumu:

`ddrescue -d -r3 /dev/sdb nakala.img ramani.map`

Kwanza inachukua panaposomeka kirahisi, sehemu mbovu inaziacha mwisho. Windows ukiburuta folda inafanya kinyume, inang'ang'ania pale pabovu mpaka diski ichoke. Ukishapata nakala.img, zungumza nayo hiyo: TestDisk kwa mpangilio uliopotea, PhotoRec kwa picha na video. Diski yenyewe irudishe kwenye mfuko.

Kasi usiilaumu. USB 2 imeandikwa megabiti 480 kwa sekunde, kwa vitendo utapata megabaiti 30 hadi 40. GB 80 nzima inaisha chini ya saa moja kama haina sehemu mbovu. Ikikwambia siku tatu, diski inaumwa.

Mnyamagana

Kujua kama inaumwa kabla ya kuanza?

Jiwe la Bwiru

Tumia programu ya CrystalDiskInfo. Baadhi ya adapta zinapitisha taarifa za afya, baadhi hazipitishi. Zikipita, tazama mstari wa 05 na wa C5. Wa 05 ni sekta zilizokwisha kubadilishwa, wa C5 ni zinazosubiri hukumu. C5 ikiwa si sifuri, nenda moja kwa moja kwenye ddrescue, usifungue folda hata moja kwa udadisi.

Dagaa Mkavu

Na kwenye Mac yenye tundu la USB-C tu?

Fundi Pasiansi

Kiunganishi cha USB-C kwenda USB ya kawaida, basi. Mac inasoma NTFS ila haiandiki, na kwa kazi hii hiyo ni faida, huwezi kuandika juu ya faili kwa bahati mbaya.

Binti Nansio

Wakubwa nimerudi. Chaja ya king'amuzi ilikuwa ampea 0.8. Nimeazima ya volti 12 ampea 2 kwa jirani, katikati ni kujumlisha kama kasha linavyoonyesha. Diski imezunguka bila kulia, Windows imeiona na folda za hesabu nimeziona kwa macho yangu. Mungu awabariki. Ila inasema GB 74.5 wakati lebo ni GB 80. Zile nyingine zimepotea?

Jiwe la Bwiru

Hazijapotea. Mtengenezaji anahesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja, Windows inagawa kwa 1024 mara tatu. 80 ya lebo ni 74.5 ya Windows, ziko zote.

Sasa usianze kusoma soma hesabu. Iweke bapa mezani, usiisogeze ikiwa inazunguka. Nakili folda za wanachama kwanza, kisha nakala ya diski nzima kwa ddrescue kama nilivyomwandikia Mama Harusi. Ukimaliza fungua faili tatu nne kutoka kwenye NAKALA uone kama zinafunguka, ndipo uzime. Zikiwa za programu ya zamani ya uhasibu, andika hapa mwisho wa jina la faili ni herufi gani, tutajua zinafunguliwa na nini.

Binti Nansio

Nyingi zinaishia na .dbf, chache .xls.

Fundi Pasiansi

Zote mbili LibreOffice Calc inafungua. Kwenye .dbf itakuuliza aina ya herufi, majina yakitokea ovyo jaribu nyingine kwenye orodha. Usiihifadhi juu ya ile ile, hifadhi kwa jina jipya.